Ukaguzi huru wa ujenzi Shinyanga na Geita

Ukaguzi huru wa ujenzi ni kazi ya kuhakikisha kwamba kinachojengwa kinalingana na michoro iliyopitishwa, ukifanywa na mtu ambaye si mkandarasi wala fundi wake. Kwenye miradi mikubwa kazi hii hushikwa na mhandisi mshauri. Kwenye majengo ya watu binafsi ni ya mhandisi au mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Wahandisi husajiliwa na bodi yao chini ya sheria ya 1997, na wakandarasi wana bodi yao iliyoundwa mwaka huohuo.

Shinyanga, kasoro nyingi huanzia ardhini. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji ya masika na hupasuka kiangazi, na msingi uliochimbwa kwa kina pungufu huinuliwa na kushushwa nao mpaka kuta zinapasuka. Kwa hiyo mtaro wa msingi hukaguliwa ukiwa wazi. Mkandarasi huomba ukaguzi kwa maandishi, mkaguzi hushuka na futi kupima kina, huangalia kama udongo mbovu umeondolewa na moramu kushindiliwa, ndipo huruhusu zege. Ukishafukiwa, kilichobaki ni kubahatisha.

Utaratibu ni uleule kwa nondo. Tuseme mchoro unataka ringi za nguzo ziachane milimita 150, na futi inasoma 250. Mkaguzi hapigi kelele na fundi. Huandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi, hupiga picha yenye futi ndani yake, hutoa maelekezo ya maandishi na kuzuia umwagaji wa zege. Kosa likiwa kubwa au likijirudia, hutoa taarifa rasmi ya kazi isiyokidhi viwango, yenye namba, mahali, kifungu cha mchoro kilichokiukwa na tarehe ya kurekebisha. Taarifa hiyo haifungwi mpaka marekebisho yakaguliwe upya.

Zege lililokwisha kumwagwa lina njia yake. Sampuli za mchemraba wa milimita 150 hupondwa maabara baada ya siku 7 na 28. Zikishindwa, nguzo yenyewe hupimwa kwa nyundo maalumu au kwa kukata kipande cha zege na kukiponda. Majibu hupelekwa kwa mhandisi aliyesanifu jengo, naye huamua kama libomolewe, liimarishwe au likubaliwe lilivyo baada ya kupiga hesabu upya. Mkaguzi hana mamlaka ya kusamehe, na ni vema iwe hivyo, maana ruhusa ya mdomo ndiyo inayozaa maghorofa ya mashaka.

Silaha yake halisi ni malipo. Katika mikataba inayofuata masharti ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, vifungu vya 7.5 na 7.6 vinampa mhandisi haki ya kukataa kazi na kuagiza irudiwe. Mkandarasi akigoma, mwenye mradi anaweza kuleta mwingine kwa gharama ya aliyegoma. Kazi iliyokataliwa haiingii kwenye hati ya malipo. Baada ya makabidhiano, kasoro zinazojitokeza katika muda wa matazamio bado ni mzigo wa mkandarasi.

Kwa majengo binafsi katika miji inayokua kwa dhahabu, kama Kahama, Geita na Katoro, halmashauri hutoa kibali cha ujenzi, na anayekiuka huandikiwa notisi na ukuta wake huchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Alama hiyo mara nyingi hufika jengo likiwa limeshapanda. Ghorofa lililoanguka Dar es Salaam Machi 29, 2013 na kuua watu 36 lilikuwa limejengwa kupita idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye madarasa na vituo vya afya vinavyojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo halmashauri hununua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani. Nafuu ya gharama ni ya kweli. Lakini mhandisi anayekagua ni mtumishi wa halmashauri ileile inayojenga, na hakuna mkandarasi wa kunyimwa malipo. Mkaguzi wa nje hufika kazi ikiwa imekwisha: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, au kiongozi wa mbio za Mwenge anayekataa kuzindua mradi mbele ya wananchi. Kukataa huko kunasaidia uwajibikaji, ila hakufukui msingi. Kamati za ujenzi za vijiji zingepewa mhandisi wa kuazimwa kutoka halmashauri jirani kwa hatua mbili tu, msingi na nondo, sehemu kubwa ya tatizo ingezuiwa mapema.

Mabwawa ya tope la migodi ni jambo jingine, kwa kuwa kingo zake huendelea kuinuliwa miaka yote mgodi unapofanya kazi. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likatapakaa kwenye makazi na mashamba. Kiwango cha kimataifa cha mabwawa hayo, kilichotolewa Agosti 2020, kinataka kila bwawa liwe na mhandisi anayewajibika kwa usanifu wake, na mapitio ya wataalamu huru katika uhai wote wa bwawa, hata baada ya mgodi kufungwa.