Maji ya Chunyo

Sisi wa Bukavu tumezoea kuona ziwa kila asubuhi. Hatukumbuki kwa urahisi kwamba njia iliyoleta Kiswahili hadi nchi zetu ilipita katika nyika isiyo na maji.

Njia hiyo ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora hadi Ujiji, kisha ikavuka ziwa Tanganyika kuelekea Manyema. Mbele kidogo ya Mpwapwa palikuwa Chunyo, kituo cha mwisho cha maji kabla ya nyika ya Marenga Mkali, yapata kilomita 50. Maji ya Chunyo yalikuwa na ladha ya chumvi. Stanley aliyalaumu alipopita mwaka 1871. Hata hivyo wapagazi walijaza vibuyu vyao, wakaondoka adhuhuri kwa mwendo ulioitwa tirikeza, wakalala njiani bila kisima, na alfajiri wakaendelea. Mwaka 1877 wamisionari Waprotestanti kutoka London walijaribu kusafiri na magari ya kukokotwa na maksai, lakini mbung'o waliwaua wanyama. Mizigo ikabaki mabegani mwa watu.

Ng'ambo ya nyika Wagogo walidai hongo ya vitambaa na shanga. Wageni wengi waliandika habari zake kwa hasira. Lakini visima vile vilichimbwa kwa mikono ya wenyeji, na maji yake yalikuwa uhai wao na wa ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Msafara wa mamia ya watu ulikunywa akiba ya kijiji.

Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika walipita huko kwa mara ya kwanza. Padre Joachim Pascal alifariki Ugogo mwezi wa Agosti. Wenzake walifika Ujiji Januari 1879, na mwaka 1883 ikaanzishwa misioni ya Kibanga, upande wetu wa ziwa.

Njia hiyohiyo ilipitisha pia mateka wa Manyema, wakipelekwa pwani. Kwao, Chunyo palikuwa na maji ya kwanza baada ya nyika, nao waliyanywa wakizidi kwenda mbali na kwao. Jina la Padre Pascal limeandikwa. Majina yao hayakuandikwa. Tunaposimulia jinsi Injili ilivyotufikia, tusiwasahau mateka hao, wala wapagazi, wala waliochimba visima.