Salamanda wa Zagros na vijito vinavyokauka

Katika safu ya milima ya Zagros, kusini magharibi mwa Iran, kuna vijito vidogo vinavyopita kati ya majabali na misitu ya mialoni. Wakati wa kiangazi vingi kati yake hukauka. Ni huko tu, wala si kwingineko duniani, anakoishi salamanda wa Luristan, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Neurergus kaiseri.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajapata kumwona mnyama wa aina hii, kwani salamanda hawapatikani kusini mwa Jangwa la Sahara. Umbo lake ni la mjusi, lakini ngozi yake haina magamba, na hutaga mayai majini kama chura, ambaye ni jamaa yake wa karibu. Urefu wake ni sentimita 10 hadi 14. Mwili ni mweusi wenye mabaka meupe, na mgongoni una mstari wa rangi ya chungwa iliyokoza. Rangi hizo huwatahadharisha wanyama wawindaji kwamba ngozi yake ina sumu. Binadamu zimemvutia badala ya kumtisha.

Aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1952, ni Mmarekani Karl Patterson Schmidt wa jumba la makumbusho ya viumbe mjini Chicago. Msomi huyo alifariki mwaka 1957 baada ya kuumwa na nyoka wa mitini wa asili ya Afrika, huku akiendelea kuandika jinsi sumu ilivyokuwa ikimwathiri.

Kushindana na jua

Maisha ya salamanda huyu hufuata maji. Mvua za majira ya baridi hujaza vijito, na baada ya hapo ndipo anapozaliana. Watoto wake hupumua kwa matamvua, na hawana budi kukua na kuota mapafu kabla ya kijito kukauka. Wakubwa hujificha chini ya mawe na katika nyufa za ardhi hadi mvua irejee.

Hivyo mwaka mmoja wa ukame, au mfereji mmoja wa kupeleka maji shambani, waweza kuangamiza kizazi kizima cha kijito. Mkulima wa milimani naye anahitaji maji hayohayo.

Soko la mbali

Hatari nyingine ilitoka mbali zaidi. Wafugaji wa wanyama wa mapambo Ulaya na kwingineko walimtamani, na wafanyabiashara wakamuuza kupitia mtandao wa intaneti. Mwezi Machi 2010, mjini Doha, Qatar, mkutano wa mkataba wa CITES ulikubali ombi la Iran la kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya salamanda waliokamatwa porini. Katika mkutano huohuo, Tanzania ilikataliwa ombi lake la kuuza akiba ya pembe za ndovu, na habari hiyo ndiyo iliyotawala magazeti ya Afrika Mashariki.

Wakati huo salamanda huyu alihesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na ilidhaniwa wakubwa waliosalia hawafiki 1,000. Uchunguzi uliofuata uligundua vijito vingine wanamoishi, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Mazingira, IUCN, lilimshusha hadi daraja la walio hatarini kiasi. Idadi ilibadilika kwa sababu watafiti walitafuta zaidi. Vijito vyenyewe bado vinategemea mvua ileile.