Kitabu Kilichokuja kwa Meli: Historia Fupi ya Huduma za Maktaba, Ilivyoonekana kutoka Wampembe

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Huduma za Maktaba. Madaktari walikuwa wachache, wahandisi wachache zaidi, na barabara ya kupanda uwanda wa Ufipa kutoka Tunduma ilikuwa mtihani kila masika. Hata hivyo wazee wetu waliamua kwamba kitabu hakiwezi kungojea foleni. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, akiwa Rais mwenye kazi zisizohesabika, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar wa Shakespeare. Nchi iliyoongozwa na mtu wa namna hiyo isingekosa kujenga maktaba.

Haikuanzia patupu. Tangu 1948 East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao Nairobi chini ya Charles Richards, lilikuwa likichapa vitabu vya Kiswahili na kuviazimisha kwa posta na kwa masanduku yaliyopelekwa shuleni na kwenye vilabu. Mwaka 1960 mkutubi wake, S. W. Hockey, aliandika taarifa iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma yake ya maktaba ya kitaifa. Tanganyika iliipokea kwa mikono miwili. E. M. Broome, Mwingereza, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko bajeti yake: kutafuta vitabu, kutafuta jengo, na juu ya yote kutafuta vijana wa Kitanganyika wa kusomeshwa ukutubi.

Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kutimiza miaka sita ya uhuru, Mwalimu alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilikuwa limetoka Februari, na waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Sisi tuliokuwa katika ualimu enzi hizo tuliyasoma yote matatu kama jambo moja: nchi inayotaka kujitegemea lazima ijisomee. Hadi leo mtaa mmoja wa katikati ya jiji unaitwa Maktaba. Sijui heshima gani ingezidi hiyo.

Mwaka 1970 uongozi ulishikwa na Mtanzania, E. E. Kaungamno, na hapa naomba radhi kwa wakurugenzi wengine, maana huyu nitamkalia kidogo. Kaungamno hakuridhika na maktaba ya watu wa mjini. Yeye na C. S. Ilomo waliandika kitabu cha juzuu mbili, Books Build Nations, kilichotoka 1979, na hoja yao iko wazi kwenye jina lake: vitabu ndivyo vinavyojenga mataifa. Sheria mpya ya 1975, iliyozaa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ilibeba moyo huohuo. Bodi haikuambiwa itunze vitabu tu. Ilipewa wajibu wa kusaidia kampeni za kisomo, kufundisha wakutubi, kuzishauri shule, na kuyakuza maandishi ya Watanzania wenyewe. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo kiini cha historia hii.

Nililiona likifanya kazi Wampembe. Asiyepajua apate picha: kijiji kiko mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya ukingo wa uwanda wa Ufipa, na wakati wetu njia ya uhakika ya kuingia na kutoka ilikuwa maji. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa na kurudi kazini 1927, ilitia nanga mbali na ufuko, na mitumbwi ikaenda kuipokea. Abiria, magunia, barua, vyote vilishushwa kwa kamba na kelele. Maboksi ya vitabu pia. Akina mama waliokuja kuuza dagaa na migebuka ndio waliotubebea hadi shuleni kwetu, na kuna mmoja aliyekataa katakata kuliweka chini boksi kabla ya kufika mlangoni, vitabu visije vikapata unyevu.

Maktaba yenyewe ilikuwa kabati. Mlango wake ulifungwa kwa kufuli, ufunguo ukawa mfukoni kwa mwalimu wa Kiswahili, na rejista ya kuazima ilikuwa daftari la kawaida lililopigwa mistari kwa rula. Humo ndani mlikuwa na Shaaban Robert, mlikuwa na Hekaya za Abunuwasi zilizochakaa hadi kushonwa kwa uzi wa nyavu, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambacho wavulana walikigombea. Rejista ilitufundisha jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kutufundisha. Usiku wa giza, karabai zilipowashwa ziwani kuwavuta dagaa, vijana wakubwa walikuwa kwenye mitumbwi na baba zao, na kurasa za rejista zilibaki nyeupe. Mbalamwezi ilipotoka uvuvi ulipumzika, na foleni ilifika uwanjani. Basi tukapanga mashindano ya kusoma kwa kalenda ya mwezi. Sikumbuki kama ofisi yoyote iliwahi kuuliza kwa nini.

Kutoka kusoma tukaingia kuandika, na huko ndiko furaha ilikokuwa. Tulikuwa na gazeti la ukutani, karatasi za manila zilizobandikwa kwa uji wa unga wa muhogo. Kila mwanafunzi aliyerudisha kitabu aliandika mistari michache: nani alimpenda humo, nani alimchukia, angemalizaje hadithi yeye mwenyewe. Baadaye tukawatuma kwa bibi na babu. Walirudi na simulizi za Milansi, ule utemi wa kale wa Wafipa, na za wanawake wageni waliofika wakautwaa. Mtaalamu mmoja kutoka Uingereza, Roy Willis, alikuwa amezikusanya simulizi za Wafipa miaka ya sitini na kuzichapa 1978 kwa Kiingereza. Watoto wetu waliziandika kwa Kiswahili, kwa penseli, na binti mmoja alibishana na babu yake kwa maandishi kuhusu nani hasa alikuwa na haki. Niliihifadhi ile karatasi hadi mchwa walipoifikia.

Taifa zima lilikuwa katika joto hilohilo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha chini ya 10. Maktaba za vijiji zilifunguliwa ili kisomo kisisahaulike. Mwanza walianzisha gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, mwaka 1974, mwaka ambao pia mkoa wetu, Rukwa, ulizaliwa.

Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa adimu na karatasi ikawa adimu zaidi. Maboksi yalikuja kwa nadra, kisha tukajifunza kusubiri. Yatosha kusema kwamba kabati halikufungwa.

Mengine nayataja kwa haraka. Mwaka 1989 Bodi ilianzisha chuo cha ukutubi Bagamoyo. Mwaka 1991 ulizaliwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, uliowahakikishia wachapishaji soko kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa shuleni. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na ruzuku ya vitabu ikapelekwa shuleni. Sumbawanga kuna Maktaba ya Mkoa. Bodi iliongozwa na Dk. Alli Mcharazo, kisha Dk. Mboni Ruzegea. Taasisi ya Elimu Tanzania ilifungua Maktaba Mtandao, na tarehe 13 Aprili 2023 ikatoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Walimu wa maktaba wa shule za mwambao, wa Kala, Kirando, Kipili na Wampembe, hawamo katika sheria yoyote niliyoitaja. Wengi wao waliifanya kazi hiyo baada ya vipindi, bila posho, na rejista waliinunua wenyewe. Bodi itakapoandika historia yake kamili, nao wapewe sura yao, na majina yao yaandikwe mmoja mmoja, shule kwa shule.