Wareno katika Hekalu la Wabanyani, Mwaka 1498

Siku moja nilivuka kutoka Kamanga kwenda Mwanza pamoja na watoto wa darasa langu. Tulipokuwa tukipita mjini karibu na hekalu la Wahindi, kengele ililia, na mtoto mmoja akavua kofia yake upesi. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, nilidhani ni kanisa." Wenzake wakamcheka sana, naye akaona haya. Niliwakanya, nikawaambia ya kwamba mtu mkubwa, amiri wa merikebu za mfalme, alikosa kosa hilo hilo, tena kosa lake lilianza katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Habari yenyewe ni hii.

Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika pwani yetu na merikebu tatu, akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Wareno walitaka vitu viwili: viungo, kama pilipili manga na mdalasini, na Wakristo. Maana tangu zamani watu wa Ulaya walisikia ya kuwa mashariki yuko mfalme Mkristo, jina lake Kasisi Yohane, nao walitumaini kufanya urafiki naye wapate kuwashinda Waislamu. Basi mtu atafutaye kitu kwa hamu nyingi hukiona hata mahali kisipokuwapo. Huko Mombasa wafanya biashara wawili waliwaonyesha watu wa da Gama picha waliyoiabudu, nao wakarudi merikebuni wakisema kwamba wameona picha ya Roho Mtakatifu.

Malindi walikuta vyombo vinne vya Wahindi. Wahindi hao walipopanda merikebuni walionyeshwa picha ya Mama wa Bwana wetu chini ya msalaba, amempakata Mwanawe, na mitume wamewazunguka. Mara wakasujudu, na kila siku wakaja kusali mbele yake, wakileta karafuu na pilipili kuwa sadaka. Da Gama alipopita mashuani, waliinua mikono wakapiga kelele. Wareno wakasikia jina la Kristo. Wako wataalamu wanaodhani ya kwamba Wahindi wale walikuwa wakimtaja Krishna, mungu wao. Mwandishi mmoja aliyekuwamo safarini aliandika kwamba watu hao walisuka nywele zao ndefu, na kwamba hawali nyama ya ng'ombe. Aliliandika neno hilo la ng'ombe akaendelea na mengine, asijiulize ni Wakristo gani hao! Mimi nalipenda daftari lake kwa sababu hiyo: hakuficha alichokiona, ingawa hakukielewa.

Tarehe 24 Aprili waliondoka Malindi pamoja na rubani waliyempata huko, na kwa muda wa siku 23 hawakuona nchi kavu. Tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, na tarehe 28 da Gama alishuka pwani na watu 13. Njiani, kabla ya kufika kwa mfalme, walipelekwa kwenye hekalu. Lilikuwa kubwa kama nyumba ya watawa, limejengwa kwa mawe ya kuchongwa na kuezekwa vigae. Mbele ya mlango ilisimama nguzo ya shaba, urefu wake kama mlingoti, na juu yake ndege mfano wa jogoo. Ukutani karibu na mlango zilining'inia kengele saba ndogo. Katikati palikuwa na chumba cha mawe chenye mlango wa shaba, upana wake wa kupita mtu mmoja, na ndani yake sanamu ndogo. Waliambiwa, au walidhani wameambiwa, ya kwamba ni Mama wa Bwana wetu. Mkalimani wao alijua Kiarabu tu, si lugha ya wenyeji. Na wako wanaodhani kwamba jina walilolisikia ni la Mari, mungu mke ambaye watu wa kusini mwa Bara Hindi walimwomba awaepushe na ndui.

Da Gama na watu wake wakasali hapo. Makuhani wakawanyunyizia maji, wakawapa majivu meupe ya kujipaka. Da Gama aliyapokea kwa adabu, akampa mtu amshikie, akaashiria kuwa atajipaka baadaye. Kutani waliona picha za watakatifu wenye taji, wengine meno yao yametokeza nje ya kinywa, wengine wana mikono minne au mitano. Husimuliwa kwamba João de Sá, aliyepiga magoti kando ya da Gama, alisema kwa sauti ya kwamba ikiwa huyu ni shetani, yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Da Gama akatabasamu tu.

Waliporudi kwao mwaka 1499 mfalme wao Manuel aliwaandikia wafalme wa Hispania kwamba Wakristo wameonekana, ila imani yao haijakomaa bado. Safari iliyofuata, ya Cabral, ndiyo iliyofumbua mambo. Wakristo wa kweli walikuwapo, wale wajiitao watoto wa Mtakatifu Thoma, lakini hawakuwa watu wa hekalu lile. Na kasisi wao mmoja, Yosefu, alisafiri na Wareno akafika Ureno mwaka 1501. Na huko Calicut urafiki ulikuwa umekwisha, kwa ugomvi wa biashara: Desemba 1500 Wareno wengi waliuawa mjini, na Cabral akaupiga mji kwa mizinga. Mwaka 1502 da Gama mwenyewe alirudi, akaichoma moto merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, wanawake na watoto wakiwamo.

Tulipokuwa tukirudi Kamanga, mtoto yule mwenye kofia aliniuliza, "Na wale Wahindi wa Malindi, walipoisujudia ile picha, walidhani ni nani?" Nikamjibu ya kwamba aliyeandika alikuwa Mreno, naye hakuwauliza.