Wakikosana, Neno la Mwisho ni la Nani?

Kenya haina bodi ya kuwaachilia wafungwa kwa masharti kama ile ya Uingereza. Mfungwa wa kawaida hupunguziwa theluthi ya kifungo akiwa na tabia njema. Wa maisha na wa kunyongwa hawana bahati hiyo. Wao huangalia msamaha wa Rais. Hapa Machakos watu hubishana sana kuhusu nani anastahili kusamehewa. Mimi huuliza swali jingine: hao wanaoamua wakikosana wenyewe, inakuwaje?

Wazee wa Kikamba walikuwa na jibu lao. Mtu aliyeishinda jamii, hasa aliyeitwa mchawi, aliweza kuuawa kwa king'ole, hukumu iliyotekelezwa na wengi ili damu isimwangukie mmoja. Lakini maofisa wa kikoloni kama Charles Dundas waliandika kwamba ndugu wa karibu wa mhukumiwa alipaswa kukubali kwanza. Akikataa, basi. Sheria ilikuwa kali, ndiyo, ila sauti moja ilitosha kuizuia.

Ukoloni uliigeuza hesabu hiyo. Mwaka wa 1932, katika kesi ya Kumwaka na wenzake 69, wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kunyongwa kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyemwita mchawi. Mahakama ilikataa kwamba imani ya uchawi ni kinga. Faili likamfikia Gavana, Sir Joseph Byrne. Maagizo ya kifalme yalimtaka gavana asikilize Baraza lake la Utendaji, kisha aamue mwenyewe, hata wajumbe wote wakipinga. Akienda kinyume na wengi, aliandika sababu zake katika kumbukumbu za kikao. Wale 60 hawakunyongwa. Walibadilishiwa adhabu kuwa vifungo.

Baada ya uhuru, Rais alirithi kalamu hiyo, na kando yake kamati ya ushauri akiwemo Mwanasheria Mkuu. Kamati ilishauri tu. Mwaka wa 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, kwa mkupuo mmoja.

Katiba ya 2010 ikabana kalamu. Kifungu cha 133 kinasema Rais atasamehe kulingana na ushauri wa Kamati, yenye Mwanasheria Mkuu, waziri wa magereza na angalau watu wengine watano wasio watumishi wa serikali. Inasema pia kwamba Kamati inaweza kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Inaweza, si lazima.

Hebu tulipime neno hilo. Katika king'ole, jamaa wa anayekaribia kufa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Leo jamaa wa aliyeuawa anasubiri kuona kama ataulizwa. Sitaki king'ole irudi, hata kidogo. Nataka tu mambo mawili: aliyeumia aulizwe kila mara, na mjumbe anayepinga wenzake aandike kwa nini, kama gavana alivyotakiwa kuandika.