Kabaidi za metali: zinaweza kuchukua nafasi ya platini kwenye masega ya gari?

Mjomba wangu alipeleka Noah yake gereji kurekebisha bomba la moshi. Ikarudi inanguruma kama trekta, moshi unawasha macho. Alipofika Kibondo fundi mwingine akaingia chini, akacheka: masega hayapo, limebaki bomba tupu. Hiyo gereji siitaji. Ila tangu siku hiyo nasoma kwa nini mtu aibe kitu kinachofanana na tofali lenye matundu, na kusoma huko kukanifikisha kwenye kabaidi. Mimi ni wa kidato cha nne tu, kwa hiyo naandika kama nilivyoelewa.

Masega ni kauri yenye vitundu vingi, na kuta zake zimepakwa platini, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache, lakini hela yake si ya mchezo. Kazi yake ni uchocheo: monoksidi ya kaboni, ile gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, inageuzwa kuwa dioksidi ya kaboni, na mafuta ambayo hayakuungua yanamaliziwa. Kichocheo chenyewe hakiishi kwa kufanya kazi hiyo, ndiyo maana masega ya gari bovu bado yana wanunuzi. Platini hiyo hiyo inagombaniwa na viwanda vya kusafisha mafuta na seli zinazotoa umeme kwa haidrojeni. Na zaidi ya nusu ya platini inayochimbwa duniani inatoka nchi moja tu, Afrika Kusini.

Sasa kabaidi. Ni kaboni iliyoungana na metali. Wengi tunaijua ya kalisi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji yakatoa gesi. Hiyo siyo. Nazungumzia ya wolframu na ya molibdenamu, ambazo ukizitia maji hazistuki, na ni ngumu balaa. Likija gari la kuchimba visima kijijini kwenu, angalia kichwa cha kuchimbia: vile vifundo vinavyopasua mwamba ni kabaidi ya wolframu.

Mwaka 1973 wataalamu wawili, Levy na Boudart, waliandika kwenye jarida la Science kwamba kabaidi ya wolframu inafanya baadhi ya kazi za uchocheo kama platini. Kaboni ikiingia katikati ya atomu za wolframu, elektroni zinajipanga upya, na uso wake unaanza kuwa na tabia za platini. Wolframu ni nafuu mno ukilinganisha na platini, tena haiko mbali na sisi: Rwanda wanaichimba pale Nyakabingo.

Mbona basi mpaka leo masega yanaibwa? Tatizo ni utengenezaji. Uchocheo unafanyika juu ya uso tu. Mnajua wenyewe, muhogo ukiukata vipande unakauka haraka kuliko mzima, kwa sababu sehemu inayoguswa na hewa imeongezeka. Kwa hiyo kabaidi inatakiwa iwe chembe za nanomita chache, na nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Lakini kwa kawaida inapikwa ndani ya methani na haidrojeni kwenye joto la nyuzi 700 na zaidi. Kwenye joto hilo chembe zinashikana kama ugali ulioingia madonge, halafu masizi yanafunika uso. Unabaki na kitu cha kupasulia mwamba.

Mwaka 2014 Sean Hunt na Yuriy Román-Leshkov wa chuo cha MIT, Marekani, walikuja na ujanja. Kila chembe waliifunga kwenye ganda la silika kabla ya kuipika, kama unavyofunga kitu kwenye jani la mgomba kisigusane na kingine. Ikiiva, ganda linayeyushwa kwa kemikali. Walipata chembe za nanomita 1 hadi 4. Mwaka 2016 wakaonyesha nyingine ambayo ndani ni kabaidi na juu ina utando wa platini wa atomu chache tu, na ikavumilia mizunguko 10,000 ya majaribio. Mimi naona hiyo ya pili ndiyo ya akili zaidi: platini haifukuzwi, inabanwa matumizi.

Ila ganda ni hatua ya ziada, na kemikali ya kulitoa ni hatari. Kupata gramu maabara ni jambo moja, kupata kilo kiwandani ni lingine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California na wenzao walitoa njia ya kupika kabaidi ya molibdenamu ndani ya kimiminika, kwa joto la chini zaidi, ikipita kwenye mirija myembamba mfululizo. Ukitaka nyingi unaongeza mirija, huongezi ukubwa wa sufuria. Wao walikuwa wanalenga kugeuza dioksidi ya kaboni kuwa kemikali zenye faida.

Kwenye masega sasa, msifurahi mapema. Moshi wa gari ni wa moto sana na una oksijeni ndani yake, na kabaidi hizi zikipata joto pamoja na oksijeni zinarudi kuwa oksidi, uchocheo unakwisha. Nafasi yake ni kwenye kazi za haidrojeni, sehemu isiyo na oksijeni. Gari litaendelea kudai platini na ndugu zake.

Mjomba alinunua masega mengine ya mtumba. Safari hii alisimama pale pale juani, hakwenda hata kunywa chai, mpaka yalipochomelewa.