Uchungu Usio na Siku Yake

Usiku wa tatu mfululizo tumbo likakaza tena kama ngoma iliyowambwa. Likakaa hivyo kidogo, kisha likalegea. Nilikuwa Mwabungo kwa bibi, mimba ina wiki 29, na saa hiyo hata bodaboda wa mwisho ashalala.

"Bibi, yameanza tena."

Hakuwasha taa. Aliweka kiganja juu ya leso, akanyamaza, akangoja. "Hilo ni chango tu, mjukuu wangu. Kunywa maji, ulalie ubavu."

"Na yakija kwa mpango?"

"Yakija kwa mpango, hatulali."

Kesho yake kliniki, nesi akacheka kwa upole. Ati hiyo ni Braxton Hicks, uchungu wa uongo. Nikarudi nyumbani na swali: huyu Braxton Hicks ni nani, na ameingiaje tumboni mwangu?

John Braxton Hicks alikuwa daktari wa uzazi London. Mwaka 1872 alichapisha maelezo kwamba tumbo la uzazi hukaza na kulegea katika muda wote wa mimba, si siku ya kujifungua peke yake. Wakati huo hakukuwa na mashine ya picha. Alichotumia ni kiganja chake juu ya tumbo la mama, akingoja, kama bibi alivyofanya gizani. Na kwake mikazo hiyo ilikuwa na faida: ilimsaidia kuthibitisha kwamba kilichomo ni mimba, si uvimbe. Kwa hiyo mikazo yenyewe ni ya kweli. Kinachoitwa cha uongo ni ile ahadi kwamba mtoto yuaja.

Shida ni kwamba mara nyingine mtoto yuaja kweli, kabla ya wiki 37, na mwanzoni hali hizo mbili hufanana sana. Ndiyo maana swali la nani anastahili kusoma tumbo limekuwa na siasa yake. Februari 1987, mkutano wa kimataifa wa uzazi salama ulifanyika hapa kwetu Nairobi, ukitaka vifo vya kina mama vipunguzwe kwa nusu kufikia mwaka 2000. Zama hizo wakunga wa jadi walikuwa wakifundishwa na kupewa vifaa. Baadaye upepo ukageuka. Mkunga akatakiwa asizalishe tena, amsindikize mama hospitalini. Bibi yangu, ambaye nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, alijikuta amekuwa msindikizaji.

Alikasirika? Kidogo. Lakini anajua jambo moja ambalo mikono yake haikuweza: kumsaidia mtoto apumue ikiwa mapafu hayajakomaa.

Hapo historia inahamia Auckland, New Zealand. Daktari Graham Liggins alikuwa akifanya utafiti kwa kondoo. Akaona wanakondoo waliopewa dawa ya steroidi wakiwa tumboni wanazaliwa mapema mno na bado wanapumua. Yeye na Ross Howie wakaijaribu kwa kina mama, wakachapisha matokeo 1972, miaka 100 baada ya Hicks. Watoto wengi zaidi waliishi. Lakini ilichukua hadi 1994 ndipo taasisi kuu ya afya ya Marekani ilipopendekeza sindano hiyo itumike kwa upana. Miaka 22, wee!

Huku kwetu mambo hayakuwa rahisi hivyo. Utafiti uliotolewa 2015, uliohusisha nchi kadhaa ikiwemo Kenya, ulionyesha kwamba kueneza sindano hiyo mahali ambapo umri wa mimba haujulikani vizuri hakukupunguza vifo, na kungeweza hata kudhuru. Mwaka 2020 ukaja mwingine, Kenya ikiwemo tena, safari hii ndani ya hospitali zenye uwezo wa kupima umri wa mimba na kumtunza mtoto mchanga. Huo ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi.

Tofauti, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kujua wiki. Nilipomweleza bibi, alicheka yeye sasa. Yeye huhesabu kwa mwezi wa angani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili. Siku 280 za mimba ni wiki 40, lakini kwa mwezi mwandamo ni miezi tisa na nusu hivi. Ukichanganya hesabu hizo mbili, unaweza kumwambia daktari wiki ambazo si zako. Basi tukaandika tarehe ya hedhi ya mwisho kwenye jalada la kijitabu cha kliniki, kwa kalamu nene.

Tukaweka na utaratibu. Yakianza: maji, kwenda haja ndogo, kubadilisha ubavu, saa mkononi. Yakija ovyo na kupotea, tunalala. Yakifika sita ndani ya saa moja, au maji yakivuja, au damu ikionekana, hatusubiri asubuhi. Namba ya bodaboda na ya jirani mwenye gari zikabandikwa ukutani. Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua hospitali za umma, lakini usafiri wa usiku uliendelea kuwatesa wengi.

Wiki ya 33, saa nane za usiku, nilihesabu manne, matano. La sita lilipofika bibi alikuwa ashavaa leso, taa mkononi.

"Hili si chango," alisema. "Twende."

Hospitalini wakanipa dawa ya kutuliza mikazo, na sindano ya mapafu ya mtoto. Daktari akauliza mimba ni ya wiki ngapi. Kabla sijafungua mdomo, bibi alikuwa ameshamnyooshea kijitabu.

Binti yangu alizaliwa wiki ya 35. Alilia mwenyewe.